Ziwa Moja, Afya Moja: Samaki wa Kufugwa na Walinzi wa Tumboni Mwao

Kwa vizazi vingi wananchi wa nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria walimpata samaki kwa njia moja tu, nayo ni kumfuata huko aliko kwa mtumbwi, wavu na ndoana. Siku hizi njia ya pili imeenea kwa haraka. Katika nchi jirani za Uganda na Kenya, na hapa Tanzania pia, samaki wanafugwa kama wanavyofugwa kuku na ng'ombe: wanatotoleshwa, wanalishwa, wanakuzwa na kuvunwa kwa wakati uliopangwa. Nchini Uganda, ufugaji wa sato katika vizimba vya majini ulianza kushika mizizi karibu na Jinja katikati ya miaka ya 2000. Nchini Kenya, mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki vijijini, mabwawa 200 kwa kila jimbo la uchaguzi katika awamu ya kwanza. Katika muongo uliofuata vizimba vikaenea katika maji ya Kenya ya ziwa hilo, hata wataalamu walipovihesabu wakakuta vimepita 3,000.

Sababu ya mabadiliko hayo haihitaji maelezo marefu. Watu wameongezeka, wavuvi wameongezeka, lakini samaki wa asili hawakuongezeka. Nchi isiyotaka watu wake wakose kitoweo hapana budi itafute samaki kwa njia nyingine. Kwa askari jambo hili si geni, kwani chakula cha kambini hununuliwa katika soko lile lile la raia, na samaki akiadimika sokoni huadimika pia katika sahani ya askari.

Hata hivyo, ufugaji una taabu zake. Sato wa ziwani huogelea apendapo, hula apatacho, na akiugua hufa peke yake au huliwa na mwenye nguvu. Sato wa kizimbani anaishi na wenzake elfu moja au mbili katika nafasi ya mita chache, wakila chakula kimoja, wakinywa maji mamoja na kutoa kinyesi mahali pamoja. Katika hali hiyo ugonjwa ukimpata mmoja hauna safari ndefu ya kumfikia mwingine. Wahenga walinena kwamba samaki mmoja akioza huoza wote, na ingawa walikuwa wakizungumza juu ya tabia za watu, maneno yao yanamfaa mfugaji wa samaki kama yalivyo.

Swali linalozikabili nchi jirani, na Tanzania pamoja nazo, ni hili: samaki hawa walindwe vipi? Njia moja, ambayo ni nyepesi na ya haraka, ni kuwalisha dawa. Njia nyingine ni kuwatunza walinzi ambao samaki mwenyewe anao tumboni mwake. Mazungumzo haya yanakusudia kueleza walinzi hao ni nani, wanafanya kazi gani, na kwa nini anayewaua kwa dawa ovyo huhatarisha si samaki wake tu, bali pia jirani zake walio ng'ambo ya mpaka.

Ndani ya utumbo wa kila samaki mwenye afya wanaishi bakteria, ambao ni vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Katika gramu moja tu ya vilivyomo utumboni huweza kuhesabiwa mamilioni mengi. Samaki hazaliwi nao. Kifaranga anapototolewa utumbo wake ni mtupu. Bakteria wa kwanza humwingia kutoka katika ganda la yai, katika maji yanayomzunguka na katika chakula chake cha kwanza. Kwa hiyo maji ya kituo cha kutotoleshea vifaranga na chakula cha siku za mwanzo huamua kwa sehemu kubwa ni wageni gani watakaofanya makao katika mwili wa samaki huyo.

Wengi wanaposikia neno bakteria hufikiria maradhi. Fikira hiyo ina ukweli nusu. Wapo bakteria wanaoua, lakini wengi wa wale wakaao utumboni ni wenyeji wasio na madhara, na baadhi yao ni watumishi ambao samaki hawezi kuishi vizuri bila wao. Jambo hili lilithibitishwa kwa jaribio lililotangazwa nchini Marekani mwaka 2004. Watafiti walimlea samaki mdogo mwenye milia, ambaye asili yake ni Bara Hindi, katika maji yasiyo na kijidudu chochote. Walipomlinganisha na mwenzake aliyelelewa katika maji ya kawaida, waligundua kwamba bakteria ndio wanaouamsha utumbo ujijenge upya, wanaousaidia kutumia chakula, na wanaoifundisha kinga ya mwili kazi yake. Samaki asiye na bakteria alikuwa na utumbo, lakini utumbo huo ulikuwa kama askari aliyeandikishwa asipelekwe chuoni.

Sato mwenyewe ana ushahidi wake. Mwaka 1982 wataalamu nchini Marekani walionyesha kwamba sato hahitaji kupewa vitamini B12 katika chakula, kwa sababu hutengenezwa ndani ya utumbo wake. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walieleza habari za bakteria mmoja aitwaye Cetobacterium somerae, ambaye huishi katika matumbo ya samaki wa maji baridi pasipo hewa ya oksijeni, na ambaye ni fundi wa kutengeneza vitamini hiyo. Vitamini B12 ndiyo inayosaidia kuunda damu. Hivyo mfugaji anayewatunza bakteria hao hupata bure kitu ambacho mwingine angekinunua dukani.

Kazi ya pili ya wenyeji hao ni ulinzi, na hapa askari ataelewa upesi kuliko watu wengine. Adui anayetaka kuliteka eneo hupata taabu kubwa ikiwa eneo hilo limekwisha kaliwa na wananchi walioshikamana. Hana mahali pa kulala, hana chakula cha kunyang'anya, na kila anapopita anaonekana. Ndivyo ilivyo utumboni. Ukuta wa utumbo una utando wa ute, na ute huo umejaa bakteria wenyeji. Kijidudu cha maradhi, kama vile Aeromonas au Streptococcus, kikiingia na maji au chakula hukuta nafasi zote zimekaliwa na chakula chote kina wenyewe. Baadhi ya wenyeji hutoa asidi na kemikali nyingine zinazomdhuru mgeni huyo. Mara nyingi hupita na kutoka bila kufanya lolote. Lakini wenyeji wakiwa wameuawa au wametawanyika, mgeni huyo huyo hujenga kambi, hupenya ukuta na kuingia katika damu.

Inafaa kukumbusha kwamba sehemu muhimu ya elimu ya tumbo la sato ilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi la wanasayansi lilifanya kazi katika Ziwa George, magharibi ya Uganda. Maji ya ziwa hilo ni ya kijani kwa wingi wa mwani, na sato wake walikuwa wakinenepa kwa mwani huo, ingawa wataalamu wengi wa siku hizo waliamini kwamba mwani wa aina hiyo hauwezi kusagwa tumboni mwa samaki. Mtaalamu mmoja, D. J. W. Moriarty, aligundua siri yake. Sato anapoanza kula asubuhi tumbo lake hutoa asidi kali sana, na asidi hiyo huzidi kadiri siku inavyoendelea. Mwani wa mwanzo hupita mzima, ukiwa bado wa kijani. Unaofuata huvunjwa na asidi na kuwa chakula. Sato, basi, ameumbwa kuwa mla majani ya majini, mwenye utumbo mrefu unaopita urefu wa mwili wake mara nyingi, tofauti na sangara ambaye ni mla nyama na utumbo wake ni mfupi.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1998, Moriarty huyo huyo alieleza yaliyotokea katika mabwawa ya kamba huko Indonesia. Katika mashamba ambako bakteria rafiki wa jamii ya Bacillus walitiwa majini, kamba walikuzwa kwa zaidi ya siku 160 bila matatizo. Katika mashamba ambako hawakutiwa, bakteria wabaya wa jamii ya Vibrio waliwamaliza kamba kabla ya siku 80. Na wengi wa bakteria hao wabaya walikuwa wamekwisha kuzoea dawa, kwa kuwa wafugaji walizitumia mno. Hapo ndipo ilipo njia panda ambayo wafugaji wa nchi jirani wamefika sasa.

Ndugu wasikilizaji, ni rahisi kuelewa kwa nini mfugaji hushawishika kutumia dawa. Amekopa fedha, amenunua vifaranga na chakula, na asubuhi moja anakuta samaki wanaelea matumbo juu. Jirani anamwambia kwamba oksitetrasaiklini, dawa ambayo wenye ng'ombe na kuku wanaifahamu vizuri, inapatikana katika duka la pembejeo. Anainunua, anaichanganya na chakula, anaimwaga. Yawezekana samaki wakaacha kufa, naye akaamini kwamba amepona. Lakini ni vizuri kutazama kilichotokea baada ya hapo.

Jambo la kwanza ni kwamba dawa hiyo haichagui. Inamuua adui na inamuua mlinzi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018, ulioongozwa na Samwel Limbu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akishirikiana na wenzake wa China, ulichunguza sato waliopewa dawa za namna hiyo kwa muda mrefu, ikiwa ni pamoja na vipimo vinavyoruhusiwa na sheria. Matumbo yao yalidhurika, jamii ya bakteria waliomo ikabadilika, na kinga ya miili yao ikadhoofika. Maana yake ni kwamba mfugaji anayelisha dawa kila siku kwa kuogopa ugonjwa hujenga nyumba ambayo mlango wake uko wazi. Siku akiacha dawa, ugonjwa unaingia pasipo kizuizi; na asipoacha, gharama haziishi.

Jambo la pili ni kwamba dawa haikai ndani ya samaki. Sehemu kubwa ya oksitetrasaiklini inayoliwa hupita na kutoka na kinyesi, na chakula kisicholiwa huzama na dawa yake. Bwawa likifunguliwa, maji hayo huenda mtoni. Kizimba hakihitaji hata kufunguliwa, kwani ni wavu tu, na maji yaliyomo ndiyo maji ya ziwa.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Bakteria wanaoguswa na dawa kidogo kidogo hujifunza kuishi nayo. Wale dhaifu hufa, wale sugu hubaki na kuzaana. Si hivyo tu: bakteria ana uwezo wa kumpa mwenzake chembe za urithi zenye siri ya usugu, hata kama mwenzake huyo ni wa jamii nyingine kabisa. Bakteria asiye na madhara katika tumbo la samaki aweza kujifunza kuishinda dawa, kisha akaipitisha silaha hiyo kwa bakteria anayemdhuru binadamu. Ni sawa na raia mwema aliyeokota bunduki njiani, kisha ikaangukia mikononi mwa jambazi.

Tanzania inalijua somo hili, nayo ililipa gharama ya kulijifunza. Mwezi Oktoba 1977 ugonjwa wa kipindupindu ulizuka nchini. Hapo mwanzo vijidudu vya kipindupindu vilikufa kwa tetrasaiklini. Dawa hiyo ikatumiwa kwa wingi sana, si kwa wagonjwa peke yao bali pia kwa wazima ili kuwakinga. Baada ya miezi 5 madaktari walipima tena wakakuta kwamba asilimia 76 ya vijidudu walivyovichunguza havikufa tena kwa dawa hiyo. Miezi 5 tu ilitosha kulifanya panga kuwa butu.

Oksitetrasaiklini inayomwagwa katika bwawa la samaki ni ndugu wa tetrasaiklini hiyo, na ni ndugu wa doksisaiklini, ambayo hadi leo ni dawa ya kutegemewa dhidi ya kipindupindu, na ambayo majeshi mengi duniani huwapa askari wao ili kuwakinga na malaria wanapopelekwa katika nchi zenye ugonjwa huo. Kijidudu cha kipindupindu nacho ni mkazi wa majini, na mwambao wa Ziwa Victoria umekwisha kuathiriwa na ugonjwa huo mara nyingi. Kwa hiyo kuyafanya maji ya ziwa kuwa chuo cha kufundishia usugu wa dawa ni kumnyima silaha yule yule daktari ambaye kesho atamtibu mwana wa mvuvi, au askari aliyejeruhiwa ambaye kidonda chake kimeingia uchafu. Mwaka 2019 pekee inakadiriwa kwamba watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu, na Afrika kusini ya Sahara ndiyo iliyoumia kupita sehemu nyingine.

Wapo watakaosema kwamba bila dawa ufugaji wa samaki hauwezekani. Norway inawajibu. Mwaka 1987 wafugaji wa nchi hiyo walitumia karibu tani 50 za dawa za kuua bakteria kwa ajili ya samaki wao aina ya salmoni. Baadaye zikapatikana chanjo, vizimba vikahamishiwa mahali penye maji yanayopita vizuri, na mashamba yakapewa muda wa kupumzika kati ya vuno na vuno. Leo Norway inavuna zaidi ya tani milioni 1 za salmoni kwa mwaka, yaani mara nyingi kupita mavuno ya 1987, na dawa inayotumika haifiki tani 1. Hawakufikia hapo kwa miujiza bali kwa nidhamu.

Katika Afrika Mashariki chanjo za sato bado si jambo la kawaida kwa mfugaji mdogo. Lakini ulinzi wa utumbo unaweza kuanza leo, kwa kuwa haudai mitambo. Unadai mambo manne.

La kwanza ni maji. Mwezi Januari 2021 sangara wengi walielea wakiwa wamekufa katika maji ya Uganda, na mwezi Novemba 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kenya walipata hasara kubwa samaki wao walipokufa kwa wingi. Katika matukio yote mawili wataalamu waligundua kwamba chanzo kilikuwa upungufu wa hewa ya oksijeni majini. Hapakuwa na dawa ya kuwaponya, kwani hapakuwa na ugonjwa. Hata pale ambapo oksijeni haijapungua kiasi cha kuua, samaki anayehema kwa shida huacha kula, ute wa utumbo wake huharibika, na walinzi wake hupoteza makao. Kizimba kilichowekwa mahali penye kina na mkondo, chenye samaki wa kadiri, ni kinga ya kwanza.

La pili ni chakula. Bakteria wa utumboni hula anachokula samaki. Huko Ulaya ilionekana kwamba salmoni, ambaye ni mla nyama, akilishwa unga wa soya kupita kiasi sehemu ya mwisho ya utumbo wake huvimba. Sato huvumilia zaidi vyakula vya mimea, ndiyo maana pumba na mashudu, yakichanganywa na dagaa, ambao Waganda huwaita mukene na Wajaluo wa Kenya omena, humtosha akipimiwa sawasawa. Lakini pumba iliyovunda ni sumu. Kuvu hutoa sumu inayodhuru ini na kushusha kinga, kwa samaki kama kwa binadamu. Na chakula kikizidi huzama, huoza na kula oksijeni.

La tatu ni kuwaongezea walinzi nguvu. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa nchi mbalimbali wamekuwa wakitia bakteria rafiki katika chakula cha samaki. Wale wa jamii ya Bacillus wanapendwa kwa kuwa mbegu zao huvumilia joto na kukaa muda mrefu ghalani. Nchini Misri, ambayo ni mfugaji mkubwa wa samaki kuliko nchi yoyote ya Afrika na inayanywa maji ya Nile yanayotoka Jinja, utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba hamira ya kuokea mikate, karibu gramu 1 kwa kila kilo ya chakula, iliwasaidia vifaranga wa sato kukua na kustahimili bakteria Aeromonas. Haifai, hata hivyo, mtu kukimbilia kila kopo linaloandikwa kwamba lina bakteria rafiki. Bakteria afaaye kwa kamba wa Indonesia si lazima amfae sato wa Kisumu, na bakteria aliyekufa ndani ya kopo lililokaa juani hamfai yeyote. Wala hakuna bakteria rafiki awezaye kusafisha maji machafu kwa niaba ya mfugaji mvivu.

La nne ni kumjua adui kabla ya kufyatua risasi. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba katika sato wa Ziwa Victoria, wa kufugwa na wa asili, upande wa Uganda na upande wa Tanzania, zimeonekana dalili za virusi vya sato, ambavyo viligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Israel mwaka 2014. Mwaka huo huo wa 2018 wafugaji wa Ziwa Volta nchini Ghana walianza kupoteza samaki kwa kirusi cha aina nyingine, ilhali kabla ya hapo walikwisha kusumbuliwa na bakteria Streptococcus. Dawa ya kuua bakteria haiui kirusi hata kimoja. Mfugaji anayeimwaga kwa samaki wenye virusi huwaua walinzi, humwacha adui, na hulitia ziwa sumu. Samaki wakifa, kazi ya kwanza ni kumwita mtaalamu na kupeleka samaki maabara, si kwenda dukani.

Hapa ndipo wajibu wa vyombo vya ulinzi na usalama unapoonekana. Nchi zote tatu zimekwisha kuwatumia askari katika kulinda uvuvi. Tangu mwaka 2017 jeshi la Uganda lina kikosi maalumu kinachopambana na uvuvi haramu. Kenya ilianzisha Walinzi wa Pwani mwaka 2018, na mwaka huo huo Tanzania iliendesha Operesheni Sangara. Kazi hiyo ilihusu nyavu na samaki wachanga, vitu ambavyo askari huviona kwa macho. Hatari inayokuja sasa haionekani kwa macho, lakini vyombo vinavyoibeba vinaonekana. Ni mifuko ya vifaranga wanaovushwa mpakani usiku bila cheti cha afya. Ni makopo ya dawa za mifugo yasiyo na jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho. Ni magunia ya chakula cha samaki yaliyochanganywa dawa bila kuandikwa. Askari wa Mutukula au Sirari anayejua maana ya vitu hivyo hatavipitisha kwa kudhani kwamba ni biashara ndogo ya mwananchi maskini. Na asiyejua atakamata wavu wa shilingi chache, akaruhusu ugonjwa upite.

Kikosi chochote chenye bwawa lake la samaki nacho kina nafasi ya kuwa mfano. Jeshi lina nidhamu ya saa, ya usafi na ya kutunza kumbukumbu, na hizo ndizo nguzo za ufugaji bora: kulisha kwa kipimo na kwa saa, kuandika samaki waliokufa kila siku, kuosha nyavu, na kutomwaga dawa pasipo amri ya mtaalamu. Raia wanaoishi jirani na kambi hutazama na kuiga.

Ni kweli kwamba hakuna nchi itakayofaulu peke yake. Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, Tanzania ina karibu nusu, na sehemu iliyobaki ni ya Uganda. Lakini maji hayagawanyiki kama ramani. Kwa bahati njema chombo cha kushirikiana kipo. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja, lilianzishwa ili nchi tatu ziseme kauli moja juu ya mali yao moja. Kauli hiyo hapana budi ihusu pia dawa zinazoingia majini, kama inavyohusu ukubwa wa matundu ya nyavu.

Bakteria haombi ruhusa ya kuvuka mpaka, wala hana pasi ya kugongwa muhuri. Mfugaji wa Jinja akiua walinzi wa samaki wake kwa dawa, usugu utakaozaliwa hapo aweza kukutana nao mgonjwa wa Mwanza. Na mfugaji wa Mwanza akifanya hivyo, aweza kuumia mtoto wa Kisumu. Kinyume chake pia ni kweli: kila kizimba kinachotunzwa kwa maji safi, chakula safi na samaki wa kadiri ni ngome ndogo inayowalinda majirani wote. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya samaki, kama wataalamu walivyothibitisha, huanzia tumboni mwake. Wajibu wa wananchi wa nchi zote tatu, wenye magwanda na wasio na magwanda, ni kuhakikisha kwamba kinga hiyo haiuawi kwa haraka ya mtu mmoja na kwa uzembe wa wengi.